Dada wa NGO, Mvua ya Isevya na Vikao Vinne

Watu wakisikia mtu anafanya kazi NGO, picha inayowajia ni Land Cruiser nyeupe, kiyoyozi na posho nene. Huyu dada wa Isevya, Tabora, hana hiyo gari. Ana buti za mvua, mfuko wa nailoni wa kufunikia makaratasi, na bodaboda mmoja anayemkopesha mpaka mwisho wa mwezi.

Jumanne hiyo ya Januari mvua ilianza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kukata. Mitaani tope tupu, maembe yanaozea chini ya miti (ile miembe ambayo wazee wanasema imekuwepo tangu enzi za misafara ya Ujiji), na bajaji zimegoma kuingia ndani. Kikao cha kwanza, watu watatu. Cha pili walijaa, ila mvua inavyopiga bati hakuna anayemsikia mwenzake, wakabaki kunywa soda na kutazamana. Cha tatu kikaahirishwa kwa meseji ya "tufanye kesho" wakati yeye ameshafika mlangoni, amelowa chapachapa. Mnaijua hiyo.

Cha nne ndicho kilichomtoa kitandani. Binti aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti wa namna hii kurudi darasani wakishajifungua, lakini waraka unatoa miaka miwili. Yake ilikuwa inaishia mwezi huohuo.

Baba mtu hakutaka kusikia. "Mwanangu, shule tulimpeleka, akatuletea mtoto. Sasa huyu mjukuu atalelewa na nani?"

Dada hakumwaga hotuba ya haki za watoto. "Sawa baba. Na bibi anasemaje?"

Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele. Akajibu bila kuinua kichwa: "Mtoto keshaacha kunyonya, anakula ugali na mlenda. Nitabaki naye. Mimi nilitolewa shule darasa la tatu nikalee wadogo zangu. Kwa huyu, hapana."

Mzee akanyamaza weee. Halafu akauliza sare ni shilingi ngapi.

Hapo sasa. Fungu la sare la mradi lilikuwa limeisha tangu Desemba. Dada akasema "tutaangalia", akatoka, akamtumia ujumbe fundi cherehani mmoja wa Kanyenye: unaweza kushona kwa mkopo? Fundi akajibu lete vipimo.

Vipimo alikuwa navyo tayari, ameviandika nyuma ya karatasi ya mahudhurio ya kikao cha pili.