Saa Zetu na Saa za Watoto

Katika vyuo vyetu vya ualimu hakuna lalamiko lisikikalo mara nyingi kuliko hili la kwamba muda hautoshi. Mwanachuo huamshwa na kengele kungali giza, hufanya usafi, huenda mstarini, husoma hadi alasiri, kisha shamba, michezo na masomo ya usiku humngoja. Sikusudii kusema kwamba lalamiko hilo ni la uongo. Ratiba ya chuo ni nzito, na mwenye kuibeba ana haki ya kunung'unika kidogo.

Walakini, katika miaka yangu ya ukufunzi nimeona kwamba wanaolalamika zaidi si wavivu. Mvivu ana muda tele. Wanaolalamika ni wenye bidii, na wengi miongoni mwao ni wanachuo Wakristo wenye moyo wa ibada: ndio waimbaji wa kwaya, ndio viongozi wa maombi, ndio wanaotumwa kuwatembelea wagonjwa. Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wao, na kwaya imekula jioni zangu nyingi. Wasomaji wa imani nyingine watanivumilia. Huenda nao wakakuta humu lao.

Sisi tusomao Biblia kwa Kiswahili tuna bahati moja ambayo hatuifikirii. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na ndivyo saa za mchana zilivyohesabiwa katika nchi ya Wayahudi zamani za Bwana Yesu. Injili isemapo saa tatu, ni saa tatu hii hii yetu, wakati mtoto wa shule ya msingi anapoanza kuufikiria uji. Petro na Yohana walipopanda hekaluni saa tisa kusali, jua lilikuwa pale pale linapokuwa watoto wetu wakirudi nyumbani. Msomaji wa Kiingereza hana budi kupiga hesabu kwanza. Basi katika sura ya 20 ya Mathayo, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa kumi na moja, ikiwa imebaki saa moja tu jua lichwe. Najua kwamba mfano huo haukutolewa ili kufundisha ratiba. Wahubiri huutumia kueleza neema, nao hawakosei. Lakini mkulima yeyote aliyepata kuajiri vibarua ataona na jambo jingine ndani yake: kila saa ya siku ile ina mwenyewe. Hata ile ya mwisho haikuachwa ipite bure, na waliokutwa wamesimama waliulizwa sababu ya kusimama.

Paulo naye, alipowaandikia Waefeso juu ya wakati, alichagua neno la Kiyunani lenye asili ya sokoni, neno la kununua. Anunuaye hutoa kitu. Hapo ndipo lilipo swali langu: mwanachuo anaponunua saa kwa ajili ya ibada, ni nani anayelipa?

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha nilimkagua mwanachuo katika Darasa la Nne, kipindi cha hesabu, mada ya sehemu. Aliniamkia kwa adabu, akanipa kiti. Macho yake yalikuwa mekundu. Daftari lake la maandalio lilikuwa na tarehe na kichwa cha somo, basi. Akafungua kitabu cha kiada, akanakili mifano mpaka ubao ukajaa, akawaamuru watoto nao wanakili. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akauliza kwa nini 1/4 ni ndogo kuliko 1/2, hali 4 ni kubwa kuliko 2. Mada nzima ya sehemu hulingojea swali hilo. Mwalimu aliyejiandaa hulipokea kama zawadi. Huchukua chungwa na kisu, au hukunja karatasi mara moja, kisha mara mbili, na darasa zima likaona kwa macho. Mwenzetu alimwambia mtoto akae, ataelewa mbele ya safari.

Baada ya kipindi tuliketi chini ya mwembe.

“Mwalimu, jana usiku ulikuwa wapi?”

“Kwenye mkesha, Mkufunzi. Tuliomba hadi saa kumi alfajiri. Tuliwaombea hata watoto hawa.”

“Mliwaombea nini?”

“Wafaulu masomo yao.”

Nikamwuliza ni kwa mkono wa nani alitazamia Mungu awafundishe sehemu asubuhi ile. Hakunijibu, nami sikumhimiza.

Darasa lile lilikuwa na watoto 60, na kipindi ni dakika 40. Zidisha, utapata dakika 2,400, yaani saa 40 za watoto zilizokwenda na chaki. Mwanachuo yule alidhani ametoa usiku wake kuwa sadaka, kumbe sehemu kubwa ya alichotoa ilikuwa ya wengine. Biblia ina habari inayofaa hapa. Mfalme Daudi alipotaka kujenga madhabahu katika uwanja wa kupuria wa Arauna, mwenye uwanja alimpa bure, pamoja na ng'ombe wa kuteketezwa. Daudi alikataa. Hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha, ndipo akajenga.

Nisieleweke kwamba nachukia mikesha. Marko anasimulia katika sura yake ya kwanza kwamba baada ya jioni ya kuponya wagonjwa wengi huko Kapernaumu, Yesu aliamka kungali giza, akaenda mahali pasipo watu kuomba. Mtu atasema kwamba mwanachuo yule naye alilipa kwa usingizi wake. Ni kweli, ila alikopa, na deni likaja kudaiwa darasani kutoka kwa watoto. Tena kuna jambo katika habari ile ambalo hunistaajabisha kila niisomapo. Simoni na wenzake walipomwona Yesu walimwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Hakurudi nao. Alisema waende katika vijiji vingine, kwani hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Wagonjwa walikuwapo, na haja yao ilikuwa ya kweli. Maombi hayakumwongezea shughuli. Yalimwonyesha ipi ni yake.

Kukataa ni kugumu kwetu. Tumelelewa kumkaribisha mgeni hata kama jembe li mkononi, na asiyeonekana msibani hukumbukwa siku ya msiba wake. Sifa hiyo ni njema, na sipendi ipotee. Lakini mwanachuo asiyejua kukataa hugawanywa na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Nehemia alipokuwa akiujenga ukuta wa Yerusalemu aliitwa mara nne ashuke kwenda kukutana na watu uwandani, akajibu mara nne jibu lile lile, kwamba ana kazi kubwa na hawezi kushuka. Kwa kweli mambo ya Nehemia yalikuwa mepesi kidogo, maana waliomwita walikuwa adui zake. Laiti angeitwa na mwalimu wa kwaya! Kwa huyo nashauri hivi. Mwende majuma mawili kabla ya kutoka kwenda shuleni, si jioni ambayo wenzako wamekwisha kupanga sauti. Usimsingizie homa. Mwambie, “Mwalimu, naomba ruhusa hadi nirudi, nimekabidhiwa darasa.” Nimewaona walimu wa kwaya wakinuna kwa siku mbili tatu. Sijamwona hata mmoja aliyenuna mwezi mzima.

Kuhusu siku ya mapumziko, tuna ya kujifunza kwa jirani zetu bwenini. Wenzetu Wasabato, Ijumaa jua lichwapo, huwa wamekwisha kufua, kupiga pasi na kufunga madaftari, kama Waisraeli waliookota mana ya siku mbili katika siku ya sita. Wengi wetu tunaoitukuza Jumapili hatuli mana ya jana. Tunakwenda kanisani asubuhi tukiwa na deni, tunashinda na deni hilo mioyoni, na Jumapili usiku tunaandika maandalio ya Jumatatu huku tukisinzia. Basi hatukupumzika wala hatukufanya kazi. Maandalio ya Jumatatu na Jumanne yaandikwe Jumamosi asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, nguo zifuliwe mchana. Nao wenzetu Waislamu hutufundisha kwamba sala haihitaji kuwa ndefu ili ishikwe kila siku: huitikia adhana ya alasiri, husali, na baada ya dakika chache wamerudi kwenye kazi waliyoiacha. Juu ya simu nitasema moja tu. Iweke kwenye begi unapoandika andalio la somo, kisha siku hiyo hiyo utazame andalio limechukua muda gani.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanachuo ni wa mama mmoja wa Uingereza, Susanna Wesley, mke wa mchungaji wa Epworth, aliyefariki mwaka 1742. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wachanga. Waliosalia aliwafundisha mwenyewe nyumbani, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, na tena kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Juu ya kazi hiyo alitenga wakati katika juma wa kuzungumza na kila mtoto faraghani. Alhamisi ilikuwa ya John, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanzilishi wa Wamethodisti. Jumamosi ilikuwa ya Charles, mtunzi wa nyimbo nyingi za kanisa. John alipokuwa mtu mzima alimwandikia mama yake akiikumbuka ile Alhamisi. Sijui kama alikumbuka somo gani alifundishwa saa nne, lakini siku yake aliikumbuka.

Mwalimu wa watoto 60 hawezi kuwa Susanna. Anaweza, hata hivyo, kuchukua daftari la mahudhurio, akateua watoto watano kwa siku, na kumpa kila mmoja dakika tatu: kumsikia akisoma, au kumwuliza hesabu moja, au kujua kwa nini hakuja jana. Ni robo saa kwa siku. Katika siku 12 za shule atakuwa amelimaliza darasa zima, naye ataanza tena juu. Wanachuo walionisikiliza wameniambia kwamba robo saa hiyo huwaonyesha nini cha kuandaa kesho, wasihangaike kuandaa yasiyohitajika.

Wapo wasiosaidiwa na haya yote. Yupo mwanachuo mwenye mtoto anyonyaye, aliyepanga chumba nje ya chuo. Yupo anayeuza maandazi ili alipe ada. Saa zao zimekwisha kuliwa kabla hawajazihesabu, na kuwapa ratiba ni kuwadhihaki. Kwao huikumbuka habari ya Yethro, aliyemkuta mkwewe Musa akiwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni. Hakumwambia aongeze bidii. Alimwambia kazi ile ataiweza tu akishirikiana na wengine. Siku hizi, wanachuo watatu wakipangwa shule moja, nawataka wagawane kutengeneza zana: mmoja akusanye vizibo vya soda vya kuhesabia, mwingine akate maboksi ya kadi za herufi, wa tatu achore ramani. Mwenye mtoto hupewa kazi ya vizibo, maana huweza kuvipanga kumi kumi akiwa ananyonyesha.