Namba ya Mwisho Si Yetu



Juma lililopita tulikwenda Likasi kwenye kilio cha mama mkwe wa mwenzetu. Tulikuwa wamama wanne na mtoto mchanga ndani ya gari ya kawaida, ile ya kupelekea watoto masomoni. Ni gari ya kutoka Japani, usukani wake uko kuume. Shofere alikuwa mtoto wa dada yetu, kijana wa heshima.

Kabla ya kutoka Lubumbashi, mmoja wetu alimwuliza kwa mchezo: “Papa, gari hii inakimbia mpaka ngapi?” Akatuonyesha namba ya mwisho, 180. Tukacheka, tukaisifu gari. Kumbe tulikuwa tunamtia moyo.

Njiani mshale ulipanda 100, ukafika 120. Kila mmoja alishika kiti chake, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Tuliogopa kuitwa wamama wa woga, tena kijana alikuwa anatusaidia bure. Kisha akataka kupita kamyo ya madini. Kwa kuwa amekaa kuume, kamyo ilimziba macho. Mwenzetu aliyekaa mbele kushoto ndiye aliyeona kamyo nyingine inakuja. Akapiga kelele: “Rudi!” Kijana akafunga freni, akarudi nyuma ya kamyo. Mtoto alimponyoka mama yake, akagonga kichwa kwenye kiti cha mbele. Alipata uvimbe tu, Mungu asifiwe.

Tangu siku hiyo tumefanya hesabu. Namba 180 haisemi gari iliyojaa watu, yenye mipira iliyochakaa, itasimama wapi. Kwa mwendo wa 120, gari inapita metre 33 kwa sekunde 1, na mguu wa shofere bado haujafika kwenye freni. Mwendo ukiongezwa mara 2, freni inahitaji njia ndefu mara 4 ili gari isimame. Kugonga ukuta kwa mwendo wa 50 tu ni kama kuanguka kutoka urefu wa metre 10 hivi. Hakuna mama mwenye mikono ya kumzuia mtoto katika anguko kama hilo.

Na tulikimbilia nini? Mpaka Likasi ni kilometa 120 hivi. Ukienda 80 ni saa moja na nusu, ukienda 120 ni saa moja. Tulitaka kuponya nusu saa, halafu tukakaa kwenye kilio mpaka alasiri.

Wakati wa kurudi tulimwambia kwa upole: “Papa, tunaomba usipite 80. Na usipite kamyo mpaka mama wa kushoto akuambie njia ni wazi.” Hakukasirika. Alijibu: “Wamama, mbona hamkusema asubuhi? Nilifikiri munataka kufika haraka.”

Neno hilo lilituchoma. Tulikuwa tumenyamaza kwa ajili ya heshima, na heshima hiyo ingeweza kutuletea kilio cha pili.

Kwa hiyo tumepatana hivi: kwa kila safari ya kikundi, mama mmoja atazungumza na shofere juu ya mwendo kabla gari haijawashwa. Kila mtu afunge mkaba, na mtoto akae nyuma katika kiti chake cha gari. Kama kiti hicho hakipo, abaki nyumbani na nyanya yake. Na anayeona hatari aseme mara moja, hata kama gari si yake.