Barua Kutoka Minneapolis: Wasemayo Wenye Magari Mapya ya Juu

Ndugu zangu wapenzi wa Pwani,

Huku Minneapolis theluji iliyorundikwa kando ya barabara tangu Desemba imeanza kuyeyuka na kuwa matope, na watu wameanza kufungua madirisha. Barua zenu kutoka Mombasa, Malindi na Tanga zimenifikia, na kwa kuwa nyingi zimeuliza jambo moja, yaani kama yafaa mtu ajibane na kuweka akiba ili anunue gari la juu lisilo kubwa, mfano wa RAV4, CR-V au Forester ya miaka hii ya karibuni, nimeona si insafu kumjibu mmoja mmoja faraghani na kuwanyima wengine faida, ilhali huku niliko magari hayo ndiyo yaliyojaa mitaani, na wenyewe huyazungumza asubuhi na jioni, kwa sifa na kwa malalamiko, pasipo kuulizwa.

Nami nimeyasikiliza mazungumzo hayo kwa makini kwa sababu yanawahusu ninyi kuliko mnavyodhani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane, na Tanzania hulitoza gari la umri huo ushuru wa ziada. Kwa hesabu hiyo RAV4 ya kizazi cha tano, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Aprili 2019, ndiyo inayoteremshwa katika bandari ya Kilindini mwaka huu wa 2026 ikiwa mtumba. Magari ya Marekani usukani wake uko kushoto, hivyo si hayo yatakayokuja kwenu. Lakini ndugu zake wa Japani, waliotoka katika michoro ile ile ya wahandisi wale wale, ndio wapandao meli kuja Afrika ya Mashariki. Basi ayasemayo leo mwenye gari jipya wa Minnesota, iwe furaha yake au karaha yake, aghalabu ndiyo yatakayomkuta mnunuzi wa Mombasa baada ya miaka saba, wakati ambapo dhamana ya kiwanda imekwisha na msaada wake wa pekee ni fundi wa mtaani.

Magari haya si mageni duniani: RAV4 ilitoka Japani mwaka 1994, CR-V ikaifuata mwaka 1995, na Forester mwaka 1997. Hapo mwanzo yalikuwa madogo hasa, ya vijana wapenda safari. Leo yamenenepa, yametulia, na yamekuwa gari la jamii nzima, hata mwaka 2024 RAV4 pekee ziliuzwa hapa Marekani zaidi ya 475,000. Ukienda Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini ya mji huu ambako Wakenya wengi wamefanya makazi, ukatazama uwanja wa kuegeshea magari wa nyumba yoyote ya kutunzia wazee saa ya kubadilishana zamu, utaona safu baada ya safu ya magari ya namna hii, na wengi wa wanaoshuka ni wauguzi na watunza wagonjwa waliozaliwa Kisii, Mombasa, Arusha na Bukavu.

Sifa ya kwanza wanayoitaja wenye nayo ni kimo cha kiti, na hili, ijapokuwa msikilizaji kijana huliona dogo, mimi naliona ndilo kubwa kupita yote. Mama mwenye umri, aliyevaa buibui, aliyekuja kuwatazama wajukuu zake, hana haja ya kuinama kama aingiaye katika gari la chini, wala hana haja ya kushikwa mkono na kuinuliwa kama apandaye lori. Hugeuka, huketi, kisha huingiza miguu yake kwa staha, na magoti yake hayamuumi. Nimewaona wazee waliokataa kutoka nyumbani kwa sababu ya taabu ya kuingia na kutoka garini, ambao walipopata gari la kimo hiki walianza tena kwenda msikitini, kanisani na sokoni. Gari lililomrudisha mzee kwa watu wake lina fadhila ambayo haiandikwi katika vitabu vya wauzaji.

Ya pili ni joto. Ninyi mtokao jasho tangu alfajiri huenda msilitambue jambo hili kwa haraka, lakini tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha baridi katika mji huu kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na katika baridi ya namna hiyo chuma kitupu humshika mtu ngozi. Dada mmoja wa Tanga, muuguzi wa zamu ya usiku, alinieleza jinsi anavyoigusa simu yake akiwa bado amesimama dirishani kwa wagonjwa wake, gari likaunguruma lenyewe huko nje gizani, hata atakapotoka saa kumi na mbili asubuhi, mgongo umemchoka na miguu imemvimba, akute kiti kimepashwa moto na usukani hali kadhalika, na kioo cha mbele kimejiyeyushia barafu yake. Alipokuwa akisema hayo macho yalimlenga machozi, nami sikumstaajabia.

Kuna kadhalika jicho la nyuma, yaani kamera imwonyeshayo dereva yaliyoko nyuma yake anapokwenda kinyumenyume. Hilo si pambo. Baada ya mtoto wa miaka miwili kukanyagwa na kufa chini ya gari la baba yake mwenyewe, gari la juu lililokuwa likirudi nyuma uani kwao, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008, na tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo la abiria halina budi kuwa na kamera hiyo. Gari la juu humpa dereva kuona mbali mbele, walakini humficha yaliyo karibu na chini, na wazazi wengi wamenambia kuwa hilo ndilo jambo moja wasiloweza kuliacha tena. Nanyi mnaoishi katika nyua ambamo watoto hucheza baina ya magari, msikubali kununua gari la aina hii ambalo kamera yake imekufa.

Nije kwenye mafuta, ambayo ndiyo maudhui ya barua zenu nyingi. Gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota za umeme zinazosaidiana, lina sifa ya kweli: RAV4 ya namna hiyo ya kizazi cha tano kwa vipimo vya serikali ya huku huenda kilomita kama 17 kwa lita moja, ilhali ile ya petroli tupu huenda kama 12 na kitu, na wenye nazo huhesabu tafauti hiyo kila mwisho wa mwezi wakashukuru. Tena, tangu toleo la mwaka 2026, Toyota haiuzi RAV4 ya petroli tupu katika nchi hii. Lakini baridi ikizidi, furaha hiyo hupungua: idara ya nishati ya Marekani yaeleza kuwa mwendo wa haibridi kwa lita huweza kushuka kwa asilimia 30 hadi 34 katika safari fupi za mjini joto likiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa kuwa injini hulazimika kuwaka ili ipashe moto hata pale ambapo umeme ungetosha. Watu waliokuwa wameahidiwa kilomita 17 hukuta 12 mwezi wa Januari, wakaona wamedanganywa. Pwani hakuna baridi hiyo, na hapo ninyi mna bahati kuliko sisi.

Sasa karaha. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliniketisha katika gari lake jipya ili anionyeshe jambo linalomuudhi. Kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kufunga ukungu. Katika gari lake la zamani angenyoosha mkono, akazungusha kifundo bila kukitazama, hewa ya moto ikapanda kiooni. Katika hili jipya ilimbidi avue glavu, aguse kioo cha picha katikati ya dashibodi, angoje picha ibadilike, atafute alama ndogo ya feni, aiguse, kidole chenye baridi kisitambuliwe, aiguse tena. Na muda wote huo macho yake hayako barabarani. Mimi nasema wazi kwamba huko ni kumdhulumu dereva. Aliyeondoa vifundo kwa ajili ya kupunguza gharama na kupata sura ya kisasa alichukua kitu ambacho mkono wa binadamu ulikijua, akaweka mahali pake kitu kinachodai jicho, ilhali jicho lina kazi nyingine. Si mimi pekee nisemaye hivyo: Euro NCAP, chombo kinachopima usalama wa magari huko Ulaya, tangu mwaka huu wa 2026 kinataka vifungo vya kushikika kwa kazi muhimu kama honi, taa za hatari na vifuta mvua, la sivyo gari lisipewe nyota zote tano. Honda waliviacha vifundo vya hewa katika CR-V yao ya sasa, na wenye nayo huwashukuru kwa hilo mara nyingi kuliko wanavyoisifu injini.

Yapo pia malalamiko ya gari linalojifanya mwalimu wa dereva. Usukani hutikisika na kuvuta likidhani umetoka mstarini, hata pale ambapo mistari yenyewe imefunikwa na theluji na wewe wakwepa shimo. Breki huweza kujikamata kwa kuhofia kivuli. Na theluji ikiganda usoni pa gari, macho yake ya rada huziba, maonyo yakamiminika kwenye dashibodi kwa pamoja. Hata hivyo wengi hawataki vifaa hivyo viondolewe, kwani kila mmoja anamjua mtu aliyenusuriwa na breki iliyojikamata.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hunisikitisha. Mwezi wa Septemba 2025 bei ya wastani ya gari jipya hapa ilipita dola 50,000, na wanunuzi wengi hukopa kwa miezi 72, wengine 84, wakalipa riba juu ya kitu kinachopungua thamani kila siku. Waislamu wengi wa kwetu hujizuia, wakangoja mpaka wapate taslimu, wakanunua kuukuu. Na baada ya hayo yote, yule dada wa Tanga aliarifiwa kuwa muhula wa bure umekwisha, na kwamba akitaka kuendelea kuliwasha gari lake kwa simu hana budi kulipa ada kila mwezi. Gari ni lake, injini ni yake, lakini ruhusa ya kuiwasha kutoka dirishani ni ya kukodi. Sijamsikia mwenye gari hata mmoja aliyelitetea jambo hilo.

Basi, ndugu zangu, katika yote hayo ni yapi yatakayowafikia? Ada za simu hazitawafikia, wala theluji. Yatakayowafikia ni chuma na umeme. Nchini Kanada wenye RAV4 za haibridi za kizazi hicho cha tano walilalamika sana juu ya waya mnene wa umeme mkali uendao kwenye mota ya nyuma, ambao kichwa chake kililiwa na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa baridi, na kampuni ikarefusha dhamana ya waya huo. Japani nayo ina mikoa ya theluji, na chumvi humwagwa huko pia, hivyo gari lililong'aa juu laweza kuwa limeoza chini. Katika RAV4 hiyo, chini ya kiti cha nyuma kuna matundu yanayovuta hewa ya kupoza betri kubwa, yenye chujio. Vumbi likijaa, au mtu akiyaziba kwa mizigo, betri hupata moto, na kwa joto la Mombasa hilo si jambo la kupuuza. Kioo cha mbele hubeba kamera, na kikibadilishwa kamera hiyo lazima ipimwe na kusahihishwa upya kwa mtambo, kazi ambayo si kila gereji inaiweza. Baadhi ya magari haya hayana gurudumu la akiba, ila chupa ya dawa na pampu ndogo, na njia ya Garissa au Handeni haisikii chupa ya dawa. Ramani itakuwa kwa Kijapani, na redio ya Kijapani huenda isizifikie stesheni zenu za masafa ya juu. Hayo ni maudhi tu, hayavunji gari.

Rai yangu ni kuwa gari hili lafaa, na haibridi yafaa zaidi kwa mwenye safari nyingi za mjini, kwa kuwa huko ndiko mota za umeme zinakofanya kazi yake vizuri. Lakini msinunue kwa picha alizowaletea dalali. Ombeni karatasi ya mnada wa Japani mkaone gari limetoka mkoa gani, ombeni kipimo cha afya ya betri, ulizeni gurudumu la akiba liko wapi, washeni kamera ya nyuma mbele ya muuzaji. Kisha mtafuteni fundi anayeijua haibridi, mkamwambie alale chini ya gari kwa tochi na kuutazama ule waya wa nyuma, kabla hamjatoa hata shilingi moja.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Minneapolis