Barua kutoka Leicester: Nimechagua meno ya kuvaa

Ndugu zangu wasomaji,

Kiangazi kimeingia, jua linazama saa tatu na nusu usiku, na watoto mtaani kwetu wanacheza mpira hadi mama zao wanachoka kuwaita. Mimi ni mzima. Wengi mliniuliza kwa nini katika picha za Pasaka nilikuwa nimefunga mdomo. Ni kwamba Januari niliteleza kwenye barafu nikielekea kazini, nikaangukia uso. Meno mawili ya mbele ya juu, yale ya katikati, yalivunjikia ndani ya ufizi, na daktari akayang'oa.

Sasa nina meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, na barua ya leo inahusu jinsi nilivyoyachagua. Naiandika kwa sababu miongoni mwenu wapo walioishi na mapengo miaka mingi, wakiziba mdomo kwa kiganja kila wanapocheka. Wapo pia wanaoamini kwamba asiyeweza kulipia jino la kupandikizwa hana budi kubaki hivyo. Si kweli.

Waingereza wenyewe wameishi sana na meno ya kuvaa. Huduma yao ya Taifa ya Afya, NHS, ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, matibabu ya meno yalikuwa bure, na watu walifurika kwa madaktari kutaka meno ya bandia. Gharama ikapanda, na mwaka 1951 serikali ikaamua wagonjwa wachangie bei ya meno hayo na ya miwani. Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi NHS, alijiuzulu Aprili mwaka huo akipinga uamuzi huo. Uchunguzi wa mwaka 1968 ulionyesha kwamba watu wazima 37 kati ya kila 100 katika England na Wales hawakuwa na hata jino moja la asili. Uchunguzi wa 2009 ulikuta wamebaki 6 kati ya 100. Ndiyo maana bibi wa Kiingereza akivua meno yake usiku na kuyatia kwenye glasi ya maji, wajukuu hawashangai. Wamekulia humo.

Daktari wangu alinieleza njia tatu. Ya kwanza ni daraja: meno ya bandia yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani. Daraja la kawaida hudai jirani hao wachongwe, na wangu ni wazima; sikutaka kuumiza jino zima kwa ajili ya jino lililokwenda. Lipo lile la kugundishwa kwa nyuma bila kuchonga sana, lakini alipoangalia namna meno yangu ya chini yanavyoyabana ya juu, hakuwa na imani kwamba lingedumu.

Ya pili ni kupandikiza skrubu ya titani ndani ya mfupa. Elimu hii tunaidai kwa Msweden Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua kwamba mfupa hushikamana na titani, na akamtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 1965. Ni kazi nzuri, lakini NHS huitoa kwa wagonjwa wachache wenye hali maalumu, na kwa daktari wa binafsi jino moja hufikia maelfu ya pauni. Mimi nina ada za shule za watoto huko nyumbani. Ya tatu ni meno ya kuvaa, nami nikaichukua nikiwa na moyo mweupe.

Hata hii ya tatu ina matawi. Kuna kipande cha akriliki, plastiki ngumu ya rangi ya ufizi inayolala kwenye kaakaa. Ni kinene kidogo, lakini hutengenezeka kikivunjika, na jino jingine likitoka huongezwa humo humo. Kuna cha madini ya kobalti na kromi, chembamba na imara, kisichofunika kaakaa lote, hivyo ulimi unaendelea kuhisi joto la chai. Kuna na cha nailoni laini, ambacho vibanio vyake havionekani, lakini kukirekebisha ni kazi. Nilichukua akriliki. Mfupa ulioshika jino hupungua baada ya jino kung'olewa, na hupungua zaidi katika miezi ya mwanzo. Kipande kinachokaa sawa leo kitalegea baadaye, na akriliki huongezewa kwa ndani kikakaa tena. Ufizi wangu ukishatulia nitafikiria cha madini.

Kwa upande wa fedha, England imegawa matibabu ya meno ya NHS katika ngazi tatu za malipo. Meno ya bandia yako ngazi ya tatu, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilipangwa kuwa pauni 326.70, pamoja na uchunguzi na eksirei za matibabu hayo. Watoto, wajawazito, waliojifungua ndani ya mwaka na baadhi ya wenye kipato kidogo hawalipi. Kazi kubwa ni kumpata daktari wa NHS mwenye nafasi. Februari 2024, mtaa wa St Pauls mjini Bristol, mamia ya watu walipanga foleni nje ya kliniki moja ili waandikishwe tu. Nawaambia hili msije mkadhani kwamba Ulaya kila kitu ni mteremko.

Sasa nifike kwenye jambo lililo moyoni mwangu. Mnajua nimezaliwa Arumeru, mkoani Arusha, na meno yetu ya huko yana rangi ya kahawia. Ni floridi iliyomo kwenye maji tuliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vinavyotoka upande wa Mlima Meru huvuka kiwango hicho mbali. Isitoshe, fizi zangu ni nyeusi, na kati ya yale meno mawili niliyopoteza palikuwa na mwanya niliourithi kwa mama yangu.

Siku ya kuchagua rangi, daktari alinipeleka dirishani, kwa sababu mwanga wa taa hudanganya, akashika kando ya mdomo wangu kibao chenye vimeno kumi na sita, kuanzia cheupe hadi chenye manjano na kijivu. Rangi ya Arumeru haikuwamo. Akaniuliza kwa upole kama ningependa meupe. Nikamjibu kwamba nataka yafanane na jirani zake. Akapiga picha meno yangu yaliyobaki, akamwandikia fundi wa maabara, na fundi akayatia meno mapya mistari ya kahawia pale pale ambapo chonge zangu zinayo. Kuhusu ufizi, niliuliza mwenyewe, maana akriliki ya kawaida ni ya waridi. Kumbe ipo iliyotiwa rangi ya fizi nyeusi, ila lazima iagizwe. Usipouliza, utapewa ya waridi.

Na kuhusu mwanya, kuna hatua moja ambayo naomba kila msomaji aikumbuke. Kabla kipande hakijakamilishwa, meno hupangwa kwanza juu ya nta, ukavalishwa ujitazame kwenye kioo. Nta ni laini. Jino linaweza kusogezwa, kuinuliwa au kugeuzwa kidogo. Hapo ndipo pa kusema. Ikishageuzwa akriliki, mabadiliko yanakuwa magumu. Fundi alikuwa ameyabananisha meno yangu vizuri kabisa, kazi safi, lakini mtu niliyemwona kwenye kioo sikumfahamu. Nikaomba mwanya urudishwe. Daktari akatoa picha yangu ya zamani niliyompelekea, akayasogeza mwenyewe kwa kisu kidogo, akanipa kioo tena. Nilimwona mama yangu.

Katika chumba cha kusubiri nilikutana na mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Makadara, Mombasa. Leicester ina watu wengi waliotoka Kenya na Uganda miaka ya 1960 na 1970, na wazee wao bado wanazungumza Kiswahili. Aliponisikia nikiongea kwa simu na ndugu yangu alitabasamu, nami nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchukua meno?"

Nilipomwambia ndiyo, alinipa darasa ambalo sikulipata kwenye karatasi za kliniki. Kwamba mahindi ya kuchoma sasa nitayapukuchua, nisiyang'ate gunzini. Kwamba muwa niuage. Kwamba nyama niikate ndogo na kutafuna kwa magego ya pande zote mbili, la sivyo kipande kitainuka upande mmoja. "Na usome kwa sauti," akasema. "Kila siku, ukurasa mmoja, mpaka ulimi uzoee." Nilifanya hivyo. Herufi ambazo hudai meno ya mbele, yaani f na v, th na dh, ndizo zilizonisumbua. Fedha, thelathini, vifaa: niliyasoma maneno hayo jikoni hadi yakatoka sawasawa.

Matunzo yenyewe si mzigo. Yavue meno hayo usiku ufizi upumue, vinginevyo fangasi hupata makao. Yasugue kwa brashi laini na sabuni isiyokwaruza. Dawa nyingi za meno zina chembe zinazochubua akriliki. Yaoshee juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasipasuke. Maji ya moto yanayapinda, kwa hiyo tumia ya baridi au vuguvugu. Yakivuliwa yakae ndani ya maji. Na meno yako ya asili yaliyobaki uyasafishe maradufu, kwa sababu ndiyo yanayokishikilia kipande, na uchafu hupenda kujificha pale vibanio vinapogusa. Likitokea donda, nenda kwa daktari akisawazishe kipande. Usikikwangue mwenyewe kwa kisu wala kukigundisha kwa gundi ya viatu kikivunjika.

Mnaosoma barua hii mkiwa na pengo, haya ndiyo maombi yangu. Msimwendee mtu asiye na leseni anayeahidi kuwabandika jino kwa saa moja: kitu kilichogandishwa juu ya ufizi kisivuliwe wala kusafishwa kitaozesha na meno yaliyo mazima. Nendeni hospitali yenye kitengo cha meno, muulize habari za meno ya kuvaa kwa jina hilo hilo, muulize bei ya akriliki na ya madini, muulize rangi ya ufizi. Bebeni picha ya zamani mkiwa mmecheka. Siku ya nta jitazameni bila haraka, na mseme kama hamjioni. Daktari mwema hatachukia. Na ninyi mlio na meno yote, mkimwona ndugu anaziba mdomo, msimtanie. Mwambieni kwamba dawa ipo na mumsindikize.

Wenu wa ughaibuni,
Leicester, Uingereza