Mafuta Hayakufika Kichwani



Wadogo zangu wa madrasa, na wazazi mtakaosoma pamoja nao, naandika kama mwanafunzi wa zamani wa hapa. Mimi nami nilikaa kwenye mikeka hiyo mnayokalia, ila nilikaa nyuma kabisa ukutani, kwani nikikaa mbele wenzangu walilalamika kuwa hawamwoni ustadhi. Nilikuwa na miaka 14 na kilo 83. Siku moja, katika shule ya sekondari niliyokuwa nikisoma asubuhi, nilishindwa hesabu ubaoni, mwalimu akaniambia mbele ya darasa zima, "Wewe mafuta yamefika kichwani." Darasa likacheka. Nami nikacheka, ili wasione machozi.

Neno lile nililibeba miaka mingi. Jioni nikija madrasa kuhifadhi, nikisahau aya moja tu nasema moyoni, ni yale mafuta. Mwishowe nikaacha hifdhi, nikiwa katikati ya Juzuu Tabaraka.

Leo mimi ni mwalimu wa biolojia. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 13 na mwili kama niliokuwa nao mimi, alikataa kuja madrasa. Alikuwa anaitwa gunia. Nilipombembeleza akaniuliza, "Dada, ni kweli mtu mnene hana akili?" Nikaona nisimjibu kwa huruma tu. Nikaenda kusoma.

Jambo la kwanza nililolikuta ni bakteria. Katika utumbo wetu, hasa utumbo mpana, wanaishi wengi mno. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilikadiria kuwa mwanamume wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, yaani hawapishani sana na idadi ya seli za mwili wake mwenyewe. (Zamani tulifundishwa kuwa ni mara kumi ya seli zetu, na mimi nimewahi kuliandika hilo ubaoni. Wanafunzi wangu wanisamehe.) Kazi yao kubwa ni kuchachusha nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, mboga na matunda, ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya. Humo hutoka asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kupoza uvimbe mwilini. Isitoshe, utumbo na ubongo vina mawasiliano, kwa njia ya damu na kwa mshipa mrefu wa fahamu uitwao vagasi.

Je, bakteria wanahusika na unene? Mwaka 2013 wanasayansi wa St. Louis, Marekani, walichukua bakteria wa ndugu mapacha, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakawapandikizia panya waliokuzwa bila kijidudu chochote. Panya waliopata bakteria wa pacha mnene waliongeza mafuta zaidi, ingawa chakula kilikuwa kimoja. Walipowekwa tundu moja na wale wa pacha mwembamba, bakteria wa wembamba waliwahamia wakawazuia kunenepa. Lakini hilo lilitokea pale tu chakula kilipokuwa na nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Wageni wema hawakai penye chakula kibaya.

Na kumbukumbu? Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani. Panya wa umri ulio sawa na ujana wenu walipewa maji ya sukari wanywe wapendavyo. Walipokua, walishindwa kukumbuka kitu fulani walikionea mahali gani. Utumboni mwao bakteria waitwao Parabacteroides walikuwa wameongezeka. Bakteria hao wakapewa panya ambao hawakuwahi kunywa sukari ile, nao kumbukumbu yao ikaharibika. Hapo nikakumbuka soda zangu mbili za kila siku, moja mapumziko na moja njiani kuja madrasa.

Panya si binadamu, nalijua hilo. Ndiyo maana utafiti ulioniuma zaidi ni wa New York, wa mwaka 2012, uliohusu vijana wenyewe. Wenye unene ulioandamana na matatizo kama shinikizo la damu na mwili kushindwa kuitumia sukari vizuri walipata alama za chini kuliko wenzao katika hesabu, imla na umakini. Niliuweka kando siku mbili. Nilijiuliza, kumbe yule mwalimu alisema kweli? Niliporudi kuusoma nikaona sivyo. Ule ni wastani wa kundi, hauwezi kumhukumu mtoto mmoja aliyesimama ubaoni, na hausemi kipi kilitangulia kipi. Tena hakuna mafuta yanayopanda kichwani. Kilichopo ni mwili unaoumwa, na mwili unaoumwa hutibiwa, hauchekwi.

Nyumbani hatukumfungia mdogo wangu chakula. Soda tukaiacha iwe ya Ijumaa. Chipsi mayai za jioni zikapungua, zikarudi mbaazi za nazi ambazo bibi alikuwa akizipika sisi tukizidharau. Ubuyu ule wa sukari na rangi tukaubadilisha kwa ubuyu mweupe wa kumung'unya. Nilimsimulia habari za Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, walao ubuyu, mizizi, asali na nyama ya mwituni. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa utumbo wao una aina nyingi zaidi za bakteria kuliko Waitaliano wa mjini waliolinganishwa nao. Alifurahi sana kusikia kuwa tumewashinda Waitaliano. Ugumu ulikuwa kwa mama, aliyehofia majirani watasema hatumlishi mtoto.

Mwili wake umepungua kidogo tu. Kuhusu akili yake siwezi kudai kitu, kwani hata zamani hakuwa mjinga. Lakini madrasa amerudi, na hao waliokuwa wakimwita gunia baadhi yao ni nyinyi mnaosoma hapa, na mnajijua.

Siku hizi baada ya Magharibi tunahifadhi pamoja Juzuu Tabaraka, mimi nikianzia pale nilipoachia. Juzi niliruka aya. Akaufunga msahafu kwa kidole chake katikati, akanitazama kama ustadhi, akasema, "Dada, rudia."