Mikono ya Mwanangu Haitulii

Mvua inaponyesha huku kwetu Soweto East, Kibera, mabati hunguruma hadi watu wa chumba kimoja huongea kwa ishara. Sisi si miongoni mwa waliobahatika kupata nyumba katika magorofa ya mradi yaliyokabidhiwa wakazi mwaka 2016. Bado tuko kwenye mabati. Siku kama hizo kifungua mimba wangu, ambaye sasa ana miaka tisa, huziba masikio, hujikunja pembeni mwa kitanda na kusokota ncha ya blanketi. Asipopata blanketi husokota kola ya shati. Asipopata kola hutafuna kidole gumba hadi kitoe damu.

Kwa muda mrefu nilidhani ni utundu. Najua wapo akina mama watakaonicheka, kwamba mtu anayeandika makala kuhusu malezi ya watoto wa wenzake, wake mwenyewe alimshinda. Wacheke tu.

Alipokuwa gredi ya pili niliitwa shuleni. Mwalimu alinimwagia mezani vitu alivyomnyang'anya mwanangu muhula ule: vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye uzi, kipande cha waya, raba iliyofinyangwa hadi ikawa nyeusi. "Mama, huyu mtoto mikono yake haitulii," akaniambia. "Anasumbua wenzake."

Nilipofika nyumbani sikumwuliza mtoto lolote. Nilimchapa viganja, kisha nikatumbukiza uzi wa vizibo kwenye jiko la makaa mbele ya macho yake. Hakulia. Alitazama uzi ukiungua na vizibo vikianguka majivuni kimoja kimoja, akavuta kola mdomoni. Usiku ule alikojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne. Na mimi ndiye niliyewahi kuandika kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kipigo shuleni!

Aliyenifungua macho si daktari. Ni bibi mmoja Mnubi wa Makina, ambaye hunikalia na mtoto ninapochelewa kazini. Wanubi, kama wajuavyo wengi, ni kizazi cha askari wa Kisudani wa jeshi la kikoloni, na ndio waliopaita hapa Kibra, yaani msitu. Bibi huyu husuka tabaga, zile kawa za rangi nyingi za kufunikia chakula. Jioni moja nilimkuta mwanangu ameketi kando yake, mkono mmoja ukiminya kitita cha ukindu, mwingine ukiandika hesabu. Zote alikuwa amezipata.

"Bibi, umemfanya nini huyu?"

"Sijamfanya kitu, mwanangu. Akiwa na kitu mkononi anasikia ninachomwambia. Hata mimi nikiacha kusuka, taarifa ya redio inanipita."

Ndipo nilipofunga safari hadi kituo cha serikali cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, lakini wazazi wengi mitaani hawajui kama vipo. Afisa niliyemkuta hakuwa na haraka ya kumpa mwanangu jina la ugonjwa. Si kila mtoto asiyetulia ana usonji, alisema. Alinieleza kwamba wapo watoto ambao kelele, mwanga au msongamano huwaingia kwa nguvu kuliko sisi, na kuminya, kuvuta au kusokota kitu huwasaidia kujituliza. Fikira hizi zilienezwa na Mmarekani A. Jean Ayres, ambaye kitabu chake kuhusu jambo hili kilitoka mwaka 1972.

Baadaye nilisoma habari za Temple Grandin, mwanamke Mmarekani mwenye usonji. Akiwa msichana aliona ng'ombe wa shangazi yake wakitulia walipobanwa kwenye kizuizi cha kuchanjia. Akajitengenezea mashine ya kujibana mwenyewe, naye akatulia. Sasa ni profesa wa elimu ya mifugo. Yeyote aliyekulia karibu na josho atanielewa.

Kuanza kwetu hakukuwa kwa sifa. Nilijaza puto unga wa ugali, nikalifunga, naye akaenda nalo shuleni kwa furaha. Saa nne likapasuka. Unga ukamwagikia sweta ya jirani yake, darasa zima likacheka. Sasa tunatumia soksi kuukuu iliyotiwa ndengu na kushonwa mara mbili, nami huikagua kila Jumapili kwa sababu mdogo wake bado anatia kila kitu mdomoni. Tumekubaliana na mwalimu wake wa sasa kwamba soksi haitarushwa, haitapigwa mezani, wala haitapitishwa kwa wenzake.

Niliwahi pia kumnunulia kile kigurudumu cha kuzungusha kwa vidole kilichovuma duniani mwaka 2017. Hasara tupu. Kilipozunguka, macho yake yalizunguka nacho, daftari likasahaulika. Marekani pia, baadhi ya watafiti waliona kwamba watoto wenye shida ya kuwa makini huzidi kupotea wakipewa kigurudumu hicho. Mwanangu anafaidika na kitu cha mkono, kisichohitaji kutazamwa.

Soksi haijamaliza kila kitu. Mvua ikinyesha bado huziba masikio, na zipo siku anarudi na kidole kibichi. Lakini tangu muhula uliopita hajatafuna kola hata moja.

Baba yake ndiye aliyechelewa kukubali. "Mtoto wa kiume anatembea na soksi mkononi?" aliuliza. Nilimwonyesha mkono wake mwenyewe, uliokuwa mfukoni ukichezea funguo, kama ufanyavyo kila mpira unapotangazwa. Akanyamaza.

Juzi mtoto aliniuliza, "Mama, vile vizibo vyangu uliviunguza vyote?" Nilimwambia ndiyo, na nikamwomba radhi. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama tunaweza kutafuta vingine. Tulizunguka vibanda vitatu tukaokota kumi na vinne. Baba yake alitafuta msumari na jiwe, akaketi mlangoni kuvitoboa.