Saa ya Kumlaza Mtoto, London na Dar es Salaam

Saa 1 usiku mwezi Juni jijini London, jua lingali linawaka. Mtoto wa miaka 2 ameshaogeshwa, amevishwa nguo za kulalia na kusomewa kitabu, na mapazia mazito yamefungwa kuzuia mwanga. Jua lenyewe litatua kama saa 3:20. Bibi aliyetoka Dar es Salaam kuja kumwona mjukuu anabaki kujiuliza mtoto amekosa nini hata alazwe mchana kweupe.

Nyumbani kwake, saa 1 ndiyo kwanza jioni inachangamka. Giza limeshaingia, maana huko jua hutua kabla ya saa hiyo mwaka mzima, lakini dada wa kazi bado yuko jikoni na baba yuko kwenye foleni ya magari. Mtoto anamsubiri baba. Wanakula pamoja, taarifa ya habari ya saa 2 inapita, na mtoto akizidiwa na usingizi anajilaza kwenye kochi, mpaka mtu ambebe na kumwingiza kwenye chandarua. Hapo ni saa 4.

Wengi walioko ughaibuni wakishazoea mtindo wa Uingereza huanza kuuona huu wa nyumbani kuwa uzembe. Wanakosea. Mwaka 2010, mtafiti wa usingizi Jodi Mindell na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto zaidi ya 29,000 wa chini ya miaka 3, katika nchi na maeneo 17. Kwa wastani, watoto wa New Zealand walilala saa 1:27 usiku, wa Hong Kong saa 4:17. Afrika haikuwakilishwa hata na nchi moja, lakini pengo hilo la karibu saa 3 linatosha kuonyesha kwamba hakuna saa moja inayofaa dunia nzima.

Cha kuangalia ni jumla. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 na 4, ukiwemo usingizi wa mchana. Mtoto mwingine wa London anayelala saa 2 usiku, akaamshwa saa 12:30 asubuhi kupelekwa chekechea, na akalala saa 1 na nusu mchana, amepata saa 12. Wa Dar es Salaam anayelala saa 4 usiku, akaamka mwenyewe saa 2 asubuhi na kulala kwa saa 2 baada ya chakula cha mchana, naye amepata saa 12. Huyo wa pili hajapungukiwa na chochote, na juu ya hayo amekula na baba yake.

Mambo huharibika siku anapoanza shule. Gari la shule linapita saa 11 alfajiri. Mtoto wa miaka 4 aliyelala saa 4 anaamshwa saa 10:30, anavishwa sare akiwa amefumba macho, na uji unamshinda. Usiku mzima amelala saa 6 na nusu, na ule usingizi wa mchana huenda shule haina nafasi nao. Asubuhi imerudishwa nyuma, usiku umeachwa pale pale.

Kuurudisha usiku nyuma kunawezekana, hatua kwa hatua: dakika 15 kila baada ya siku chache, chakula cha mtoto kikiwa tayari saa 12 jioni bila kumngoja yeyote. Taa nazo zina nguvu kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Watafiti wa Colorado, Marekani, walionyesha mwaka 2018 kwamba mwanga mkali katika saa ya mwisho kabla ya kulala ulipunguza kwa takriban asilimia 88 melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Giza ambalo mzazi wa London hulitafuta kwa mapazia, Dar es Salaam linakuja lenyewe. Inabaki kuzima televisheni na taa kubwa ya sebuleni. Baba anayechelewa anaweza kuchukua zamu ya asubuhi, amwogeshe na kumvisha yeye.

Lakini wazazi wasibebeshwe mzigo huu peke yao. Shule inayopanga ratiba ya gari ina uwezo wa kuwachukua wadogo mwisho badala ya mwanzo, na chekechea inaweza kabisa kuanza saa 2:30.